Gari Lisilo na Mkuku

Fundi wa jahazi wa Lamu haanzi kazi yake kwa mbao. Kwanza hulaza mkuku, kisha akasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, ndipo yakafuata mengine. Mwulize kwa nini, atakutazama kama uliyemwuliza kwa nini mtu ana uti wa mgongo. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya gari, tena si gari la hapa kwetu, bali la Marekani: Ford Mustang, gari la vijana wapendao mbio, lenye nguvu za kutisha na mkuku halina.

Mwenyewe ni mpwa wangu aishiye jimbo la Ohio. Alilinunua kuukuu, la mwaka 1989, akalipenda kama wengine wapendavyo njiwa. Usiku mmoja akanipigia simu.

"Mjomba, gari lanilia kama kitanda cha kamba."

"Lalia wapi, mwanangu?"

"Milangoni. Na nikilipiga jeki upande mmoja, mlango nikiufungua haurudi mahali pake."

Msomaji, huo mlango usiorudi ndio habari yenyewe. Mlango haujapinda. Kilichopinda ni tundu la mlango, na tundu la mlango halipindi peke yake ila gari zima limejisokota.

Lori la mchanga lina chesi: boriti mbili ndefu za chuma kutoka mbele hadi nyuma, na juu yake vikawekwa injini, kibini na bodi. Ukilivua bodi lote, lori bado laenda. Magari madogo mengi ya siku hizi si hivyo. Bati la bodi lenyewe, likikunjwa na kuunganishwa, ndilo libebalo kila kitu. Si kosa hilo; gari huwa jepesi, na likitengenezwa vizuri huwa gumu pia. Chukua boksi la viatu ujaribu. Likiwa na kifuniko kilichogandishwa kwa gundi, kulisokota ni taabu. Litoe kifuniko, lasokoteka mikononi kama kitambaa.

Sasa Mustang hizi, za miaka ya 1979 hadi 1993, zilijengwa juu ya umbo lililotangulia kutoka mwaka 1978 chini ya Ford Fairmont, gari la baba, mama na watoto kwenda sokoni. Mbele zina boriti mbili fupi zinazobeba injini. Nyuma zina nyingine mbili, kwenye difu. Katikati, chini ya miguu ya watu, boriti zimekatika. Kinachounganisha mbele na nyuma ni bati la sakafu, kingo zilizo chini ya milango, na paa. Kwa safari ya sokoni yatosha. Lakini kiwanda kikaendelea kuiongezea nguvu injini yake ya lita 5, hata kufikia mwaka 1987 ilikuwa na nguvu za farasi 225, na umbo la chini ni lile lile. Mimi mtunzi wa mashairi naliona kama ubeti ambao ukwapi haujuani na utao: kila kipande kizuri peke yake, ukiusoma wote wakukwaza.

Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafula, injini husukuma upande wake, magurudumu ya nyuma yakavuta upande wao, na bati la katikati likawa ndilo linalovutwa huku na huku. Miaka ikipita, rangi hupasuka kwenye maungio ya paa, na kule nyuma mikono ya difu inaposhikana na bodi, bati huanza kuchanika. Tena kuna hasara asiyoiona mtu kwa macho. Bodi linalosokoteka huwa ni springi ya tano. Fundi aweza kubadili springi zile nne na shokomzoba zake apendavyo, lakini ile ya tano haina kipimo, yamharibia hesabu zote.

Dawa yake ni nyepesi kuieleza. Ni vyuma viwili vya mraba vilivyo wazi ndani, kimoja kila upande, vinavyotoka mwisho wa boriti ya mbele hadi mwanzo wa boriti ya nyuma. Huuzwa tayari na watu wengine, si kiwanda kilichounda gari. Vyote viwili havifiki uzito wa abiria mmoja. Viko vya kufunga kwa nati na viko vya kuchomelea. Vya nati hushawishi, maana mtu hutoboa na kufunga mwenyewe, lakini chuma kikivutwa kila siku matundu hupanuka, na kelele zikarudi. Mimi sina shaka: heri kuchomelea. Vile virefu vinavyoshikwa pia na sakafu chini ya viti ndivyo bora.

Mpwa wangu alichagua hivyo hivyo, akampelekea fundi mmoja. Fundi akalining'iniza gari kwa jeki za katikati, mbele na nyuma zikalegea chini kwa uzito wake, akachomelea upande wa kushoto. Siku ya pili, lilipokanyaga ardhi, mlango wa dereva (huko dereva hukaa kushoto) ukakataa kabisa. Gari lilikuwa limegandishwa hali limepinda! Kazi hii sharti ifanywe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake kama barabarani. Ilibidi chuma kikatwe kwa msumeno, waanze upya. Kabla ya moto kuwashwa tena, betri ilifunguliwa nyaya, zulia likainuliwa, na bomba la petroli, ambalo hupita huko huko chini, likasogezwa mbali.

Hapo ndipo ilipoonekana chumvi. Ohio humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nasi watu wa pwani hatuhitaji kuambiwa chumvi yafanya nini kwa chuma. Boriti ya nyuma upande wa kulia ilikuwa imeliwa hata bisibisi ikapenya. Kuchomelea chuma kipya juu ya kutu ni kushona kiraka juu ya nguo iliyooza. Ikabidi kukata, kutia bamba jipya, ndipo kazi iendelee. Alikuwa na azma ya kununua injini yenye nguvu zaidi. Pesa zile zimekwisha kwenye bamba.

Juzi alinipigia. Mlango wa kushoto wafungika kwa kidole kimoja, hata gari likiwa juu ya jeki. Wa kulia, asema, bado wataka kusukumwa kidogo kwa bega.