Mwalimu wa Kalemie na riwaya tatu: Ni moja tu aliyomsomea mama

KALEMIE – Mwalimu mmoja wa Kifaransa mjini Kalemie, jimboni Tanganyika, amemaliza riwaya tatu mfululizo. Zote amezipenda, lakini ni moja tu aliyoweza kumsomea mama yake, muuza ndagala asiyejua Kifaransa.

Ya kwanza ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014. Mwandishi Lucien anashuka katika mji wa migodi, vita na baa isiyolala. Mwalimu anasema kitabu kina kelele kama baa yenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo. Kinachomkera ni wanawake: wanapita wakijinadi tu, hawapewi nafasi ya kusimulia yao.

Ya pili, Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane, ilitoka mwaka huohuo. Isookanga, kijana wa jamii ya Mbilikimo, anahama msitu kwenda Kinshasa kutafuta utajiri wa utandawazi. Katika jimbo ambako mapigano ya Watwa na Waluba yaliwafukuza maelfu ya watu makwao, mwalimu alifurahi kukutana na shujaa wa namna hiyo mwenye akili, tamaa na makosa kama watu wengine.

Ya tatu ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya 2021. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa kwa tajiri kulipia deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara hadi upande wa Kongo.

Hiyo ndiyo iliyosomwa kwa sauti jioni. Maneno kadhaa ya pwani yalihitaji maelezo, ila deni halikuhitaji. Mama aliuliza kama baba huyo hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Watu wa msafara wanawaita wenyeji wa bara washenzi. Mama akataka kujua kama wanaosemwa ni babu zake. Mwalimu alikubali kwamba ndio, na kwamba Kiswahili anachosomewa kilifika huku na misafara hiyohiyo.

Kwa maoni yake, Peponi ndiyo bora kati ya hizo tatu. Bado anasubiri riwaya ya Kiswahili itakayoutazama msafara huo kutoka kwa waliokuwa wamesimama ng'ambo hii ya ziwa, wakiuona unakuja.