Kabla hujamkatia jirani tawi, jua unampa nini

Uko na mmea kwenye kopo karibu na mlango. Jirani ameupenda, anataka kipande apande kwake. Mpe tu, kwa sababu ukikata tawi leo, mmea utachipua tena kesho kutwa na wewe hutakuwa umepungukiwa. Lakini hapa Dagahaley, watoto hucheza mlangoni na mbuzi huonja kila kitu. Kwa hivyo anza na swali moja: huu ni mmea gani?

Mathenge ulitufunza. Mti huu wa kutoka Amerika uliletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema: kivuli, kuni na kuzuia jangwa. Ukaenea mpaka ukafunga njia za mifugo. Maganda yake matamu yanaoza meno ya mbuzi, na wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Mwaka 2008 ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Ukiombwa mche wake, kataa kwa upole.

Sasa tuangalie mimea ya kawaida nyumbani.

Shubiri (alovera). Wasomali huiita dacar. Majani ni manene, yana miiba midogo pembeni, na yote hutoka mahali pamoja chini. Ukikata jani, utaona maji ya manjano machungu. Ili upate mingine, tafuta watoto wanaoota kando ya mama. Ng'oa mmoja na mizizi yake, uuache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, kisha upande kwenye mchanga uliochanganywa na samadi kidogo. Ukiumwagia maji mengi, utaoza.

Sansevieria. Ni ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Kata jani vipande vya urefu wa kidole, uache vikauke kidogo, kisha uchomeke upande uliokuwa chini. Ukigeuza juu chini, hakitaota. Kama yako ina ukingo wa manjano, kipande cha jani kitazaa mmea wa kijani kitupu. Ukitaka manjano ibaki, gawa shina la chini pamoja na mizizi yake.

Rehani na nanaa. Hizi utazijua kwa pua. Pia zina shina la pembe nne, na majani hutoka mawili mawili yakitazamana. Kata tawi chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, uliweke kwenye glasi ya maji kivulini. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi, na hapo lihamishie kwenye kopo lililotobolewa chini.

Waridi la jangwani. Shina limevimba kama chupa, maua ni ya waridi. Huota lenyewe katika nyika zetu, na utomvu wake ulitumika kutia mishale sumu. Usiung'oe porini. Kusanya mbegu, kwa sababu mmea wa mbegu ndio hupata lile tumbo nene. Uweke mahali mtoto hafiki.

Mnyaa. Vijiti vya kijani kama penseli, karibu havina majani. Hufaa kwa ua wa boma, na kijiti chochote ukichomeka huota. Maziwa yake meupe yakiingia jichoni huunguza vibaya. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi mengi, kisha mkimbie kituo cha afya bila kungoja. Unapokata, vaa glavu au funga mkono kwa mfuko wa plastiki.

Bado huna uhakika? Programu za simu kama PlantNet zinaweza kukusaidia. Piga picha ya jani, shina na ua, usipige jani moja tu. Jibu la simu lipeleke kwa mama au mzee aliyefuga mifugo, maana yeye anajua ni mmea gani uliwahi kumdhuru mnyama. Na usitambue mmea kwa kuuonja.

Maji ni shida, tunajua. Mimea hii yote inaweza kunywa maji ya kuoshea mchele au mboga, mradi hayana sabuni wala chumvi. Mwagilia jioni, jua likishatulia. Mtungi uliopasuka ukikatwa katikati ni chungu tosha.

Siku ya kumpelekea jirani, andika jina la mmea kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, ukibandike kwenye kopo. Ongeza mistari miwili: maji mara ngapi, na kama una sumu. Naye akimkatia mwingine, karatasi hiyo iende na mmea.