Misuli ya Upumuaji na Fasili ya Silabi

Mapafu hayana misuli ya kujitanua, hutanuliwa. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinapokaza hushuka, na papo hapo misuli ya nje ya baina ya mbavu huinua kifua. Uwazi wa kifua huongezeka, kanieneo ya ndani hupungua, na hewa ya takriban nusu lita huingia. Kutoa pumzi ya kawaida hakudai juhudi: misuli hulegea, na mapafu hunywea kama mpira ulioachiwa.

Katika usemi hali ni tofauti. Msemaji huvuta pumzi haraka, kisha huitoa taratibu kwa kanieneo isiyobadilika sana, kwa kawaida kati ya sentimita 5 na 10 za maji. Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya ala za sauti huliruka. Mapafu yaliyojaa hunywea kwa nguvu inayozidi mahitaji ya usemi; kwa hiyo misuli ya kuvutia pumzi huendelea kukaza hata hewa inapotoka, mithili ya breki. Pumzi inapopungua, breki hiyo huachiliwa, ndipo misuli ya ndani ya baina ya mbavu, na baadaye ile ya tumbo, huanza kusukuma.

Je, kila silabi ina msukumo wake? R. H. Stetson, katika kitabu chake cha mwaka 1928, alidai kwamba silabi ni pigo moja la misuli ya kifua. Dai hilo lina mvuto, na fasili ya silabi kama “mkupuo mmoja wa pumzi” inalikaribia mno. Hata hivyo, Ladefoged, Draper na Whitteridge walipopima umeme wa misuli hiyo huko Edinburgh katika miaka ya 1950, hawakuona ulinganifu huo. Neno la Kiingereza lenye silabi mbili liliweza kutamkwa kwa msukumo mmoja, na la silabi moja kwa misukumo miwili. Kilichoelekea kuandamana na msukumo ni mkazo.

Kwa hiyo, ushahidi kwamba /m/ katika *mtu* ni silabi kamili haupaswi kutafutwa kifuani. Upo katika mkazo wenyewe, ambao huiangukia /m/ hiyo kwa kuwa ndiyo silabi ya pili kutoka mwishoni. Katika *mwana*, /m/ haina hadhi hiyo.