Dishi: kilomita 36,000 na mita kumi za mwisho

Panda juu ya ghorofa lolote la Kariakoo uyatazame mapaa. Madishi yametapakaa kila mahali, mengine yameshika kutu, mengine yameanikiwa nguo, lakini hayakuwekwa ovyo. Yapo yaliyoinua uso juu kana kwamba yanangoja maembe yadondoke, na yapo yaliyogeukia magharibi yakiwa yameinuka kiasi. Mengi ya kundi la kwanza ni ya DStv, nayo yanafuata setilaiti za nyuzi 36 mashariki. Mengi ya kundi la pili ni ya Azam, yanayofuata nyuzi 7 mashariki. Dar es Salaam yenyewe iko nyuzi 39 na ushee, ndiyo maana setilaiti ya kwanza iko karibu na utosi wetu na ya pili iko mbali. Aliyezoea kusoma madishi hahitaji dira mjini humu. Anayeijua kibla naye hahitaji, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini kamili ya Dar: simama kama unayetaka kuswali, na dishi la Azam litakuwa mkono wako wa kushoto, limesogea mbele kidogo.

Setilaiti hizi zote ziko juu ya Ikweta. Ile ya nyuzi 36 iko juu ya Kenya, kaskazini kidogo tu ya mji wa Nakuru. Ile ya nyuzi 7 iko juu ya Ghuba ya Guinea, si mbali na kisiwa cha São Tomé. Tunasema zimesimama, ila zinakimbia kilomita tatu kila sekunde. Huizunguka dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda ule ule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo kwa macho ya dishi hazihami. Jambo hilo linawezekana kwenye kimo kimoja tu: kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza katika jarida la Wireless World mwaka 1945, miaka 12 kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa, ingawa yeye alidhani vituo hivyo vingehitaji watu wa kukaa humo kuvihudumia.

Sasa fikiria nguvu inayotumika. Kila mtambo wa kurushia ulio ndani ya setilaiti ya aina hii hutoa wati mia moja na kitu, kadiri ya balbu moja ya zamani ya sebuleni, na kwa nguvu hiyo unatakiwa ulifikie eneo la nchi nyingi. Kinachotua kwenye dishi la sentimita 90 ni wati mbili tatu zilizogawanywa kwa trilioni. Hicho kidogo kinatosha. Safari ya kilomita 36,000 mawimbi huimaliza salama, maana karibu njia nzima ni anga tupu isiyo na kitu cha kuyazuia. Picha hufia kwenye mita kumi za mwisho: nguzo, bolti, kichwa cha LNB, waya. Mwenye nyumba humlaumu mwenye setilaiti, na mara nyingi mkosaji yuko juu ya paa lake mwenyewe.

Tuanze na nguzo, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Lazima isimame wima kabisa, kwa pimamaji, tena ipimwe pande mbili. Ikiinama, namba zilizochorwa kwenye kishikio cha dishi zitakudanganya, na kila utakapozungusha dishi kushoto au kulia litakuwa linapanda au kushuka bila wewe kujua. Bomba jembamba lililopigiliwa kwenye papi la mbao litayumba siku ya kusi. Na kuyumba hapa hakusamehewi. Mawimbi ya bendi ya Ku, yanayotumiwa na ving'amuzi vingi vya nyumbani, yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na kwa mawimbi hayo dishi la sentimita 90 linaona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi mbili tu. Ukiusukuma ukingo wake milimita nane hivi, umelihamisha nyuzi moja. Nyuzi moja kule juu ni zaidi ya kilomita 600. Mtoto akiliparamia dishi kutafuta mpira, mechi ya jioni imekwisha.

Watu wengi pia hawajui dishi lao linatazama wapi hasa. Kwa Dar, setilaiti ya nyuzi 7 iko kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi kutoka upeo wa macho, lakini uso wa dishi unaonekana umeelekea chini zaidi ya hapo. Dishi la nyumbani ni kipande kilichokatwa ubavuni mwa dishi kubwa la kufikirika, ili LNB ikae chini, pembeni, isiyazibe mawimbi yanayoingia. Matokeo yake mawimbi huja kutoka juu zaidi ya unakodhani, kwa nyuzi 20 hadi 25. Ndiyo maana dishi linaweza kuonekana limetumbulia macho ukuta wa jirani na bado likaonyesha vizuri, na ndiyo maana ghorofa la pili la jirani huyo linaweza kukuharibia ingawa dishi lako halionekani kulielekea. Waliokaa London wameyazoea madishi yaliyosimama wima ukutani, kwa sababu huko setilaiti ya nyuzi 28 mashariki iko chini, mwinuko wa nyuzi 25 tu. Nairobi, kwa setilaiti ya nyuzi 36, mwinuko ni nyuzi 88. Dishi kubwa la bati la mtindo wa zamani, lenye kichwa katikati, likielekezwa hivyo hugeuka beseni la maji ya mvua, na dawa yake ni kulitoboa tundu dogo chini.

LNB ni kile kichwa kilicho kwenye ncha ya mkono wa dishi. Hukusanya mawimbi, huyakuza mara laki kadhaa, kisha huyashusha kutoka gigahezi 11 au 12 hadi kwenye masafa ambayo waya unaweza kuyabeba. Umeme wake hutoka kwenye king'amuzi kwa waya ule ule unaoleta picha: volti 13 zikipanda, LNB husikiliza mawimbi ya wima; zikiwa 18, husikiliza ya ulalo. Chaneli nusu zikipotea na nusu zikabaki, usikimbilie kugusa dishi. Huenda volti 18 hazifiki juu, kwa sababu ya waya mbovu au king'amuzi kilichochoka.

Hapa kwetu karibu na Ikweta kuna jambo ambalo vitabu vya ufundi kutoka Ulaya hulipitia juu juu. Kadiri setilaiti ilivyo mbali kuelekea magharibi au mashariki, ndivyo LNB inavyopaswa kuzungushwa kwenye kishikio chake, na kwa anayefuata nyuzi 7 kutoka Dar au Mombasa mzunguko huo unazidi nyuzi 70. Yaani LNB inakaribia kulala ubavu. Anayeiacha wima kama alivyoiona kwenye picha ya boksi atapata nguvu nzuri na ubora sifuri, kisha atahangaika na dishi mpaka magharibi.

Nguvu na ubora ni mistari miwili inayoonekana kwenye skrini wakati wa kutafuta, na mgeni hupenda kuufuata ule wa nguvu kwa sababu ndio unaopanda haraka. Usiufuate. Mstari wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likitazama mwembe, kwa kuwa LNB yenyewe ina mvumo wake na king'amuzi kinauhesabu. Ubora ndio unaokuambia kwamba umeipata setilaiti, tena ile unayoitaka na siyo jirani yake. Fundi mzuri utamjua kwa uvivu wake. Anaweka mwinuko kwanza, anasogeza dishi kidogo, anasimama kusubiri sekunde kadhaa king'amuzi kifikiri, anasogeza tena kidogo. Fundi mwenye haraka hupita juu ya setilaiti mara nyingi bila kujua. Na akishaipata hakazi bolti moja hadi mwisho. Anakaza hii kidogo, ile kidogo, macho yakiwa kwenye ubora, kwa sababu spana yenyewe inatosha kulisogeza dishi. Dira ya simu ni sawa kwa kukisia, ila aisome akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye bomba na mabati, maana chuma huivuta.

Halafu waya. Nunua ule wa RG6 wenye shaba, siyo ule mwepesi wa bei ya kutupa. Chukua sumaku uiguse nyuzi ya katikati: ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa umbali mfupi utakubali, lakini kwa mita 30 au 40 volti zitapungua njiani. Konekta ndiyo yenye lawama kubwa zaidi. Ukimenya ganda la nje, nyuzi nyembamba za wavu zikunje nyuma zote, usiache hata moja. Kiuzi kimoja kisichoonekana vizuri kikigusana na waya wa katikati, LNB inakosa umeme na skrini inaandika hakuna mawimbi, na mwenye nyumba anauziwa LNB mpya asiyoihitaji. Waya wa katikati uchomoze milimita mbili tatu mbele ya mdomo wa konekta, uwe unang'aa. Juu, kwenye LNB, funika konekta kwa utepe wa mpira, na kabla waya haujaingia dirishani uning'inize kwa kitanzi kinachoshuka chini ili maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka sebuleni. Unguja, Lamu na Tanga chumvi ya bahari hula konekta isiyofunikwa, na kijani kibichi cha kutu ya shaba ni ushahidi tosha.

Ukubwa wa dishi watu huuliza kwanza, mimi nimeuacha mpaka hapa kwa makusudi. Dishi la sentimita 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la 60, na faida yake utaiona siku ya mvua, siyo siku ya jua. Matone ya mvua kubwa, yenye milimita kadhaa, si madogo sana mbele ya wimbi la sentimita mbili na nusu. Hulimeza na kulitawanya. Bendi ya C, yenye mawimbi ya sentimita saba na nusu hivi, hupita kwenye mvua hiyo bila wasiwasi, lakini inadai dishi la karibu mita mbili au zaidi. Wala mvua si lazima iwe juu ya paa lako. Mawimbi ya Azam yakishuka kuelekea Kariakoo yanapita ndani ya mawingu yaliyo magharibi, kwa hiyo wingu zito la masika likiwa bado Kigogo, picha yako inaganda na hujalowa tone. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ngoja lipite. Usipande kwenye paa la mabati linaloteleza, na radi juu, kwa ajili ya tamthilia.

Anayetaka stesheni za ndani tu huenda hahitaji dishi kabisa. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Nairobi ikafuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo madukani kumejaa kitu kinachoitwa antena ya dijitali. Antena haijui dijitali ni nini. Ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa kipimo cha wimbi, na ile ya mifupa ya samaki waliyoibuni Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920 bado inazishinda nyingi za plastiki zenye taa. Kama ya zamani ilikuwa ya UHF, ipandishe juu, ielekeze kwenye mnara, vifimbo vifupi vikiwa mbele, na uangalie antena za majirani kama zimelala au zimesimama, kwa sababu lazima ifanane na ya mnarani. Tofauti ni kwamba zamani mawimbi dhaifu yalileta chenga na ukaangalia mpira hivyo hivyo. Sasa picha huwa safi mpaka ghafla inakatikakatika, kisha giza. Busta isiyo juu kwenye antena haisaidii sana, kwa sababu ikifungwa nyuma ya TV hukuza na uchafu wote ambao waya umeshauokota.

Kuna katizo moja ambalo fundi hana la kulifanya. Mara mbili kwa mwaka, siku chache baada ya tarehe 20 Machi na tena karibu na tarehe 20 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti tukilitazama kutoka Dar. Jua nalo linarusha mawimbi, tena kwa kelele kubwa, na dishi haliwezi kuvitenganisha. Kwa setilaiti ya nyuzi 7 hutokea karibu saa tisa alasiri na hudumu dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Mvumilivu anaweza kuutumia muda huo kulenga dishi bila kifaa chochote: dishi likiwa sawasawa, kivuli cha LNB huangukia ukingo wa chini, katikati. Ila kama dishi hilo amelipaka rangi ya kung'aa ili lipendeze, alikwangue kwanza, kwa sababu siku hiyo jua zima litakusanywa juu ya LNB na plastiki yake itayeyuka.