"Flattery": Kutoka Kiganja cha Mkono hadi Kilemba cha Ukoka

Makala haya yanachunguza neno moja la Kiingereza, "flattery", pamoja na jamaa zake wachache, kwa nia ya kuonyesha ni kwa nini neno hilo huwasumbua wanaotafsiri kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana nalo huwa mwepesi wa kuandika "unafiki", kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Hasara yake si ndogo. Unafiki ni mpana mno: mnafiki anaweza kunyamaza, anaweza kutabasamu, anaweza hata kusali. "Flattery" haipo mpaka sifa itamkwe, na itamkwe mbele ya yule anayesifiwa.

Wanaisimu walio wengi hulihusisha neno hili na kitenzi cha Kifaransa cha kale, "flater", kilichomaanisha kupapasa au kulainisha kwa kiganja cha mkono, mithili ya mtu ampapasavyo paka mgongoni. Kiingereza kilikipokea katika enzi zake za kati, na kile kiganja kikaachwa nyuma, ikabaki raha ya anayepapaswa. Ifahamike kwamba Kiingereza hakijaacha kabisa kuifikiria sifa ya uongo kama kitu kinachopakwa juu ya ngozi. Kumlainisha mtu kwa maneno huitwa kumpaka siagi, na katika karne ya 19 sabuni laini nayo ikaingizwa katika orodha hiyo.

Hapa Kiswahili kinasimama bega kwa bega nacho, kisha kinakipita. Waswahili nao wana mafuta yao, ila husema mtu amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mafuta yamo ndani ya chupa, na mgongo wake ni mkavu. Aliyepakwa anahisi ubaridi na utelezi wa kioo akadhani amenawiri, kumbe ngozi yake iko vile vile. Siagi ya Waingereza angalau inabaki kwenye mkate.

Hata hivyo, nahau iliyo na uzito zaidi ni ile ya kumvika mtu kilemba cha ukoka. Katika mila za pwani kilemba ni zaidi ya kitambaa cha kichwani. Ni alama ya heshima, na pia ni jina la zawadi, mathalani ile anayopewa fundi na mwanafunzi aliyehitimu mafunzo yake, au ile inayotolewa kwa wazee wa bi harusi. Ukoka kwa upande wake ni nyasi zitambaazo, chakula cha mbuzi. Anayevikwa kilemba cha namna hiyo hujiona ametukuzwa, ilhali walio kando wanaona majani ambayo jua la mchana litayanyausha. Nahau hii, basi, inatazama kile anachopewa msifiwa na jinsi anavyoonekana machoni pa wengine. Jambo hilo "flattery" hailigusi.

Kiswahili kina pia kitenzi kinachomtazama msemaji, nacho ni "kujipendekeza". Kwa kuwa kimezoeleka mno, watu hawajishughulishi kukichambua. Mzizi ni pend-, na "kupendekeza" ni kufanya kitu au mtu apendeke, yaani kumleta mbele ya wengine ili wamkubali. Kiambishi -ji- kinarudisha tendo kwa mtendaji. Kwa hiyo, mtu anaposimama mbele ya mkubwa na kumsifu kwa nusu saa, sarufi ya Kiswahili inashikilia kwamba anayependekezwa ni yeye mwenyewe msemaji. Mkubwa ni kisingizio tu. Ni vigumu kupata maelezo ya tabia hii yaliyo mafupi na makali kuliko hayo.

Methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, na kwa kweli mahali pake si hapa. Hakuna mahali methali hiyo inaposema kwamba sifa za mgema zilikuwa za uongo. Huenda tembo lake lilikuwa zuri hasa. Methali inazungumzia madhara ya sifa kwa mpokeaji, ziwe za kweli au la. Vivyo hivyo, nyimbo za harusini zinazomfananisha bi harusi na mwezi haziwezi kuitwa "flattery": waimbaji wanajua kwamba wanatia chumvi, bi harusi anajua, na hakuna anayedanganywa.

Shakespeare alilielewa suala la kudanganywa kwa undani. Katika tamthilia yake kuhusu Kaizari, ambayo Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, Decius, mmoja wa wala njama, anawahakikishia wenzake kwamba atamfikisha Kaizari barazani. Mbinu yake ni kumwambia Kaizari kwamba yeye ni mtu anayewachukia wasifiaji wa uongo. Kaizari atakubali, na papo hapo atakuwa amevikwa kilemba kikubwa kuliko vyote. Asubuhi yake Decius anaifasiri ndoto ya kutisha ya mke wa Kaizari kuwa bishara ya utukufu, na Kaizari anaondoka nyumbani kwenda kuuawa.

Neno jingine la ukoo huu ambalo Wakenya wanalifahamu vyema ni "sycophant". Asili yake ni Kigiriki, na kwa tafsiri sisisi ni "mwonyesha tini". Plutarch anasimulia maelezo ya kale kwamba hawa walikuwa watu waliowachongea waliouza tini nje ya Athens kinyume cha sheria, ingawa wataalamu wengi hawayasadiki. Lililo wazi ni kwamba huko Athens neno lilimaanisha mchongezi, mtu aliyewashtaki wenzake mahakamani ili afaidike. Lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16 lilikuja na maana hiyo ya uchongezi, kisha likahamia kwa mtu anayemramba miguu mkubwa. Safari hiyo haishangazi. Anayewachongea wenzake kwa mfalme na anayemsifu mfalme hutafuta kitu kimoja, na aghalabu huwa ni mtu yule yule. Nchini Kenya, Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi aliporejea kutoka Addis Ababa aliwataka mawaziri na wananchi waimbe kama kasuku, kama alivyoimba yeye enzi za Kenyatta. Tangu hapo kasuku akapata maana ya kisiasa. Watanzania nao, katika miaka ya hivi karibuni, wameunda "uchawa" kutokana na chawa, mdudu asiyeweza kuishi mbali na kichwa kinachomlisha.

Mtego mkubwa zaidi kwa mfasiri, hata hivyo, ni pale "flattery" na kitenzi chake vinapokosa ubaya wowote. Mwingereza akisema picha fulani "inamflata" mtu, hakuna uongo wala tamaa; Kiswahili kitasema picha imempendelea. Gauni la namna hiyo limemkaa. Anayejibu sifa kwa kusema yeye ni "flattered" anasema ameona fahari, au kwamba amepewa heshima kubwa. Na timu iliyoshinda kwa mabao mengi kuliko uchezaji wake, mabao yameipendelea. Kuleta unafiki katika sentensi hizi ni kumtukana mtu asiye na hatia.

Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la programu yake ya akili unde, GPT-4o, baada ya watumiaji kulalamika kwamba lilisifu kila walichoandika. Waandishi wa Kiingereza walitumia "sycophancy". Kwa Kiswahili "kujipendekeza" kunasita hapa, kwa kuwa -ji- inadai nafsi inayotafuta kukubaliwa, na programu haina cheo inachokiwania. Nahau ya kale inafaa zaidi, maana haiulizi nia ya anayetoa. Programu ile ilikuwa ikiwavika watumiaji wake vilemba vya ukoka.