Mvuvi njo mlinzi wa kiota: kazi ya Bangweulu

Wandugu wanamemba wa kooperative, mu numero hii tunavuka mpaka kidogo. Mto Luapula, ule wavuvi wa Kasenga wanaujua vizuri, unatoka mu vinamasi vya Bangweulu, upande wa Zambia. Kule kuna kazi ya kulinda ndege ambayo inatuhusu, juu ndege mwenyewe yuko hata kwetu, mu vinamasi vya Upemba.

Ni ndege mrefu kupita metre moja, wa rangi ya majivu, mdomo wake mpana kama kiatu cha mti. Tutamuita domokiatu. Anasimama mu maji saa nyingi bila kutikisika, akingoja kambale apande kuvuta hewa. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa kati ya 5.000 na 8.000 tu.

Uzazi wake ni wa polepole. Mvua ikianza kuisha, dume na jike wanajenga kiota juu ya majani yanayoelea. Mayai, mara nyingi mawili, yanalaliwa karibu siku 30, halafu kinda linakaa tena kama siku 100 mbele ya kuruka. Jua likiwa kali, wazazi wanachota maji kwa mdomo na kuyamwaga juu ya mayai na juu ya kinda ili vipate baridi. Sasa fikirini: pirogi inapita karibu sana, mzazi anakimbia, nani atamwaga yale maji? Hiyo njo watu wengi hawajui. Si lazima ushike kinda ili life. Inatosha kutega nyavu pale pale kila siku.

Tena, kati ya makinda mawili, kwa kawaida linapona moja. La kwanza linatotolewa siku chache mbele, linapata nguvu, linampiga mdogo wake na kumnyima chakula. Kwa hiyo kiota kimoja, mwaka mzima, kinatoa ndege mmoja, bahati ikiwepo. Mwenye kuiba kinda hilo na kuliuzia wafanyabiashara wa ndege wazima, amebeba mavuno yote ya mwaka.

Tangu 2008, hifadhi ya Bangweulu inasimamiwa pamoja na jamii za pale, serikali ya Zambia na shirika African Parks. Walinzi wa viota hawakuletwa kutoka mbali, ni wavuvi wenyewe. Mvuvi akiona kiota anapasha habari, halafu watu wa pale wanaajiriwa kupiga kambi mbali kidogo na kuchunga paka kinda liruke. Wanazuia moto, wanaomba pirogi zipite njia ingine. Tangu 2022 kuna pia kituo ambapo yale makinda ya pili, yaliyokuwa yafe tu, yanalelewa ili yarudishwe mu kinamasi.

Sisi tunapenda sana jambo moja mu kazi ile: mvuvi analipwa. Baba mwenye watoto sita hawezi kuacha mahali pazuri pa kambale bure, juu ya ndege. Katazo bila mshahara, wote tunajua linaishia wapi. Samaki nao wana mapumziko yao: kule Zambia uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili paka mwisho wa mwezi wa pili, wakati samaki wanazaa.

Kwetu, tatizo kubwa kwa maoni yetu ni moto. Mu mwezi wa nane na wa tisa tunachoma majani ya kinamasi ili tufungue bustani, na saa ile kinda bado halijui kuruka. Kateni yale majani kwa panga, muyatandike chini ya nyanya na vitunguu: udongo utashika maji na hamtamwagilia kila siku. Kama ni lazima kuchoma, fyekeni kwanza njia pana ya kuzuia moto upande wa mafunjo, na mtu azunguke na pirogi kuangalia.

Mkiona kiota, rudini nyuma. Ndege akiacha kazi yake na kuanza kuwaangalia, tayari muko karibu sana. Habari mpelekee chifu wa kijiji ao walinzi wa paki, si watu wa sokoni. Na picha ya telefone msiitume mu kundi: mnunuzi naye anaangalia.