Akitoka Segerea, usimkimbizie kijijini

Kama mwenzi wako yuko gerezani na anatibiwa uraibu wa heroini, makala hii ni yako. Kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya kwa mapenzi kabisa: akitoka tu, anapandishwa basi kwenda kijijini "akapumzike mbali na mateja".

Nililisikia hilo Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa dada mmoja aliyekuwa akianika usipa. Mumewe alikuwa Segerea, Dar es Salaam, akinywa methadoni. "Huku hakuna unga, dada. Atavua samaki, atasahau."

Unga kweli hakuna. Lakini methadoni nayo hakuna, na hapo ndipo penye kazi.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na sasa Segerea ni miongoni mwa vituo vyake. Mgonjwa huinywa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Dozi moja humshikilia siku nzima: haumwi arosto, halewi, anafanya kazi zake. Akiikatisha ghafla, arosto inarudi: mifupa inauma, anatapika, usingizi hauji. Akikimbilia unga kwa kipimo chake cha zamani wakati mwili umeshapoteza uzoefu, anaweza kufa. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ndizo za hatari zaidi.

"Kwa hiyo nimwache huko Dar peke yake?" aliniuliza.

Hapana, dada. Mfuate wewe, hata kwa miezi michache. Najua si rahisi kuacha shamba na watoto, ndiyo maana mpange mapema:

• Kabla hajatoka, muulize mhudumu wa afya wa gerezani atahamishiwa kituo gani.
• Tafuteni chumba karibu na kituo hicho, nauli ya kila siku isije ikamshinda.
• Siku ya kwanza mpeleke mwenyewe. Asilale hata siku moja bila dozi.
• Mkitaka kwenda kusalimia nyumbani, ongeeni na kituo kwanza.

Halafu jamani, tuache ile kauli ya "bado anakunywa dawa, hajapona". Mwenye kisukari hatumsemi hivyo. Liuli haihami. Ziwa atalikuta, na usipa atawakuta. La muhimu ni afike akiwa hai.